Kuunganisha Mitambo Mikubwa ya Umemejua ya Majumbani na Gridi: Mfano wa Nchelenge, Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mtambo wa umemejua wa nyumbani wenye uwezo wa kilowati kadhaa unavyounganishwa na gridi ya shirika la umeme, wilaya ya Nchelenge nchini Zambia ikiwa mfano. Hoja inayojengwa ni kwamba, mahali ambapo njia ya umeme ni ndefu na hukatika mara kwa mara, faida ya kuunganishwa huamuliwa na hali ya njia hiyo kuliko wingi wa paneli zilizo juu ya paa.

Utangulizi

Nchelenge iko ukingoni mwa Ziwa Mweru, katika mkoa wa Luapula. Ng'ambo yake ni Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko katika miji ya Kilwa na Pweto. Pande zote mbili huishi kwa samaki. Chisense, dagaa wa ziwa hili, huanikwa mchangani wakakauka bila gharama. Kwa maana hiyo jua lilikuwa nishati ya biashara hapa muda mrefu kabla ya paneli ya kwanza kufungwa. Samaki wakubwa ndio wanaohitaji barafu, na barafu huhitaji umeme usiokatika.

Umeme huo huletwa na ZESCO, shirika la umma. Sehemu kubwa ya uwezo wa kuzalisha umeme nchini hutegemea maji. Kituo cha Kariba Kaskazini peke yake kina megawati 1,080. Mvua za msimu wa 2023/24 zilipopungua, Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari 2024, na mgawo wa umeme ukala sehemu kubwa ya siku. Luapula ina kituo chake katika maporomoko ya Musonda, mto Luongo, kilichopanuliwa kutoka megawati 5 hadi 10, lakini kituo cha kiasi hicho hakiwezi kuutenga mkoa na shida za gridi ya taifa. Mwaka huohuo wa 2024, chini ya Sheria ya Umeme ya 2019, zilitolewa kanuni zinazomruhusu mteja kurudisha umeme wa ziada gridini na kuhesabiwa tofauti kati ya alichochukua na alichotoa. Kenya iliingiza utaratibu kama huo katika Sheria ya Nishati ya 2019, kwa mitambo isiyozidi megawati 1.

Inveta na uhai wa fundi

Paneli hutoa mkondo mnyoofu, ilhali gridi hubeba mkondo geu wa volti 230 na hezi 50. Inveta hubadilisha wa kwanza kuwa wa pili, na ile iliyoundwa kwa ajili ya gridi haianzishi mkondo wake yenyewe: husikiliza mdundo wa gridi, kisha huufuata. Gridi ikinyamaza, nayo hunyamaza. Hivyo mwenye nyumba aliyefunga kilowati 10 bila betri atakaa bila umeme saa sita mchana, jua likiwa la utosi, kwa sababu tu mgawo umefika mtaani kwake. Hili wauzaji wengi hawalisemi.

Sababu si uzembe wa watengenezaji. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ile inayoshusha volti 11,000 hadi 400 kwa matumizi ya majumbani, ikilishwa kutoka upande wa nyumba, hupandisha volti 400 hadi 11,000. Fundi aliyepanda nguzo akiamini njia imezimwa anaweza kuuawa na paneli za nyumba asiyoiona. Ndiyo maana viwango vya kimataifa, kikiwamo IEEE 1547, hutaka inveta ijitenge ndani ya sekunde 2 baada ya gridi kupotea. Jenereta iliyochomekwa ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili huleta hatari ileile, tena haina kinga yoyote ya kujizima.

Anayetaka umeme wakati wa mgawo hana budi kuwa na inveta mseto, betri, na swichi inayoitenga nyumba na gridi kabla ya betri kuanza kulisha. Hapo fundi aangalie waya wa ardhini: nyumba ikitengwa, kiungo kati ya waya wa sifuri na ardhi kinaweza kupotea pamoja na gridi, na vifaa vya kukata umeme mtu anaponaswa vikashindwa kufanya kazi. Kiungo hicho sharti kirudishwe upande wa nyumba.

Volti zinazopanda mchana

Suala linalozungumzwa kwa uchache zaidi ni la volti. Tuseme nyumba iko mita 400 kutoka kwenye transfoma, juu ya waya wa alumini wa milimita za mraba 50. Ukinzani wa waya huo ni takriban omu 0.64 kwa kilomita. Kwenda na kurudi hufanya takriban omu 0.51. Nyumba ikirudisha kilowati 8 katika fezi moja, mkondo ni karibu ampea 35, na volti za nyumbani hupanda kwa karibu 18 juu ya zile za transfoma. Zikianza 230, zitafika 248, na bado mambo ni salama.

Lakini njia ndefu huwa na ugonjwa wa kinyume chake jioni, majiko na friza vikiwashwa kwa pamoja: volti hushuka mwishoni mwa njia. Dawa iliyozoeleka ni kurekebisha transfoma itoe zaidi, labda 240. Dawa hiyo ya jioni huwa sumu ya mchana, kwani 240 na 18 ni 258, na inveta nyingi hupangwa kujizima karibu na 253. Mtambo utazimika na kuwaka kila mara jua likiwa kali, na mwenye nyumba atailaumu inveta. Jirani mwenye friza bila paneli naye hupokea volti hizo za juu. Kugawa mzigo katika fezi tatu hupunguza tatizo sana. Kupima volti mlangoni mwa nyumba, mchana na jioni, kabla ya kununua chochote, hugharimu kidogo kuliko yote.

Hesabu ya ziada

Yuniti zilizorudishwa huhesabiwa pale tu njia inapokuwa hai. Mgawo ukiangukia mchana, mwenye betri iliyojaa hupoteza jua lake, na asiye na betri hupoteza kila kitu. Mwaka wa ukame, basi, ndio ambao gridi huhitaji mno umeme wa mapaa na ndio ambao huwa na uwezo mdogo zaidi wa kuupokea.

Kalenda ya ziwa nayo ina neno. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kisheria. Mtambo uliopimwa kwa friza za msimu wa samaki hubaki na ziada hata chini ya mawingu ya masika, kwa kuwa friza hazina cha kugandisha. Miezi hiyo mitatu ndiyo inayoweza kumlimbikizia mfanyabiashara wa Nchelenge salio la maana, na ndiyo pia miezi ya radi zinazoangusha njia za umeme.