Kalsiamu Inapowaka

Mama mjamzito akifika kliniki huambiwa ale dagaa, anywe maziwa, asikose mboga za majani, ili mifupa ya mtoto ipate kalsiamu. Ushauri huo ni wa kweli, maana takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili wa binadamu imo kwenye mifupa na meno. Asilimia moja iliyobaki haisemwi sana kliniki, wala haimo kwenye matangazo ya maziwa ya kopo. Hata hivyo ndiyo inayoufanya moyo ujikaze, msuli uvute, yai lililorutubishwa lianze safari ya kuwa mtoto na seli za ubongo zipashane habari. Kwa zaidi ya nusu karne wanasayansi wamekuwa wakihangaika kuiona asilimia hiyo ikiwa kazini, ndani ya seli iliyo hai.

Kuiona si kazi nyepesi. Ayoni za kalsiamu hazina rangi, na ndani ya seli iliyotulia zimo chache mno: kiwango chake ni mara elfu kumi au zaidi chini ya kile cha majimaji yanayoizunguka seli yenyewe. Usiku na mchana seli hutumia nguvu kuzisukuma nje, au kuzifungia kwenye maghala yake ya ndani. Bidii hiyo ina faida. Kwa kuwa ndani hamna kitu, mlango ukifunguka kidogo tu kiwango hupanda ghafla, na protini zilizokuwa zikisubiri huinasa ishara na kuanza kazi.

Aliyeugusa ukweli huu mapema alikuwa daktari Mwingereza, Sydney Ringer, na aliugusa kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, jijini London, alikuwa akichunguza mioyo ya chura iliyotolewa mwilini na kuwekwa kwenye maji ya chumvi. Mioyo ilidunda vizuri tu. Baadaye ikabainika kuwa maji yaliyotumika kutengenezea mchanganyiko ule yalikuwa ya bomba, yenye kalsiamu yake, wala hayakuwa yaliyokenekwa kama alivyodhani. Alipotumia yaliyokenekwa, mioyo ilidhoofika ikasimama. Alipotia kalsiamu, ikaamka. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1883. Alijua sasa kwamba moyo unaitaka kalsiamu, lakini inaingia lini na inafika wapi, hilo hakuwa na njia ya kulitazama.

Njia ilitoka baharini. Majira ya kiangazi ya 1961, Mjapani Osamu Shimomura na mkuu wake kazini katika Chuo Kikuu cha Princeton, Frank Johnson, walisafiri hadi Friday Harbor, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Walikwenda kumtafuta konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu, wa aina ya Aequorea victoria. Mwili wake ni maji matupu, unapitisha mwanga kama kioo, ila ukingo wa mwavuli wake una viungo vidogo vinavyotoa mwanga wa kijani akiguswa. Timu ile iliwavua kwa nyavu za mkono, ikaukata ukingo kwa mkasi, ikaukamua kwenye kitambaa. Kiangazi kile walishughulikia konyeza wapatao 10,000.

Shida ilikuwa kwamba ukikamua, mwanga unamalizika papo hapo na hubaki na kitu cha kuchunguza. Shimomura hakuafikiana na mkubwa wake juu ya namna ya kuendelea, akawa anafanya majaribio yake peke yake. Alikuwa pia akipanda mtumbwi na kwenda kufikiri majini. Wazo likamjia kwamba mwanga ule unatokana na protini, na protini huweza kuzimwa kwa asidi bila kuharibika. Akatia asidi, giza. Akaiondoa asidi, mwanga hafifu ukarudi. Kisha maji ya bahari yakachanganyika na ute ule, na ghafla ukawaka buluu kali.

Kilichowasha ni kalsiamu iliyomo kwenye maji ya bahari. Protini hiyo ikaitwa ekorini, na taarifa yake ilitoka mwaka 1962. Taarifa hiyohiyo ilitaja, kama jambo la pembeni tu, protini nyingine ya konyeza yuleyule, ya kijani, inayopokea mwanga wa buluu na kuutoa ukiwa kijani. Miaka 46 baadaye protini hiyo ya pembeni ndiyo iliyomletea Shimomura Tuzo ya Nobel ya kemia, pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien.

Ekorini haikuchelewa kupata kazi. Mwaka 1967 watafiti Ridgway na Ashley waliidunga ndani ya nyuzi nene za msuli wa mnyama mwenye gamba, wa jamii ya kaa, anayejibandika kwenye miamba. Wakaushtua msuli kwa umeme. Mwanga ulitangulia, msuli ukafuata. Utaratibu uliokuwa ukikisiwa tangu zama za Ringer sasa ulionekana kwa mpangilio wake. Mwaka 1978 yai la samaki medaka wa Japani lilionyesha jambo jingine: mbegu ya kiume inapoingia, wimbi la kalsiamu huanzia pale ilipoingilia na kulivuka yai zima hadi upande wa pili.

Lakini kuidunga protini seli moja moja kwa sindano ni kazi ya kuchosha, na seli nyingi ni ndogo mno kwa sindano. Hapo ndipo aliposimama Roger Tsien, Mmarekani aliyekuwa Cambridge, Uingereza. Alibuni molekuli za rangi zinazoikamata kalsiamu na kubadilika mwanga. Ikabaki kero moja: molekuli hizo zina chaji ya umeme, na ngozi ya seli haizipitishi. Mwaka 1981 Tsien alionyesha mbinu ya kuzifunika chaji hizo kwa vipande vya kikemia. Rangi ikishafunikwa hupenya yenyewe. Ikifika ndani, vimeng'enya vya seli huvikata vile vifuniko, chaji zinarudi, na rangi haitoki tena. Ni dema hasa, samaki huingia kwa hiari na kurudi hakuna.

Mwaka 1985 ikaja fura-2, ambayo mpaka leo ingali kwenye majokofu ya maabara nyingi. Humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno wa aina mbili, kwa zamu. Mmoja huifanya rangi iliyoshika kalsiamu ing'ae zaidi, mwingine ile isiyoshika. Mtafiti akigawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili, unene wa seli na wingi wa rangi hujiondoa kwenye hesabu, kinabaki kiwango cha kalsiamu.

Faida kubwa ya kutazama seli moja moja ilionekana kwenye ini la panya. Homoni ikiongezwa, ungetegemea kalsiamu ipande zaidi. Mwaka 1986 timu ya Peter Cobbold huko Liverpool iliikuta seli ya ini ikitoa milipuko mifupi ya kalsiamu, mmoja baada ya mwingine. Dozi ikiongezwa, milipuko haikuwa mirefu zaidi, ilikaribiana tu. Ukisaga ini zima na kupima wastani, mdundo huo unapotea wote. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo kazi hii yote inapojilipa: ayoni ni ileile moyoni, kwenye yai na kwenye ini, na ujumbe wake umo katika mahali na wakati.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiachia seli ijitengenezee kipimo yenyewe. Mwaka 2001 Junichi Nakai na wenzake nchini Japani waliikata ile protini ya kijani ya konyeza na kuiunganisha na kalmodulini, protini ya mwilini inayojikunja ikishika kalsiamu. Kalmodulini ikijikunja, kijani kinang'aa. Chombo hicho kinaitwa GCaMP, na kwa kuwa ni jeni, mnyama anaweza kuzaliwa nacho. Mwaka 2013, kituo cha Janelia huko Virginia kilipiga picha ubongo wa kitoto cha samaki-pundamilia, wenye seli za neva zipatazo 100,000. Zaidi ya asilimia 80 ya seli hizo zilionekana moja moja, na ubongo mzima ulirudiwa kila baada ya sekunde 1.3.

Picha hizo hupendeza, na hapo kuna hatari ya kuziamini kupita kiasi. Mshtuko wa seli ya neva huchukua kama milisekunde moja, ilhali rangi huwaka na kuzimika polepole zaidi, kwa hiyo mishtuko iliyofuatana haraka huweza kuonekana kama mmoja. Kipimo nacho hushika kalsiamu, hivyo kikizidi huivuruga ishara kinayoipima. Na tishu hutawanya mwanga: hata kwa hadubini za leza za kisasa, ni vigumu kuona zaidi ya milimita moja hivi ndani ya ubongo wa panya.

Mimea pia imemulikwa. Mwaka 2018 Masatsugu Toyota na Simon Gilroy, wa Wisconsin, walionyesha jani likitafunwa na kiwavi: wimbi la kalsiamu liliondoka kwenye jeraha kwa kasi ya takriban milimita moja kwa sekunde na kufika majani ya mbali, ambayo yakaanza kujikinga.

Ndani ya mmea ishara hiyo husomwa na vimeng'enya vya jamii iitwayo CDPK. Binadamu hana vimeng'enya hivyo. Kimelea wa malaria anavyo. Mbu akinyonya damu yenye malaria, kemikali iliyomo mwilini mwake huamsha vimelea wa kijinsia. Mwaka 2004 timu ya Oliver Billker ilitumia malaria ya panya iliyopewa kipimo kinachotoa mwanga chenyewe, kama cha konyeza, ikaona kalsiamu ikipanda upesi mara kemikali ile ilipowekwa. Kwa kawaida, dakika chache baadaye kimelea dume mmoja huchomoza mbegu nane zenye mikia. Watafiti walipoiondoa jeni ya CDPK4, mbegu hazikutoka, na kimelea hakuweza kuambukiza mbu. Kimeng'enya hicho sasa kimo kwenye orodha ya shabaha za dawa za kuzuia malaria isivuke kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mbu.