Namna ya Kusoma Bei za Vipande Kabla ya Kuwekeza

Kwa mkulima wa parachichi wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, au wa mahindi wilayani Kilolo, mkoani Iringa, fedha za mavuno huja kwa msimu, ilhali ada za shule na gharama za pembejeo zina wakati wake. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ukiwemo Mfuko wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005 na unaosimamiwa na UTT AMIS, ni miongoni mwa njia za kutunza na kukuza fedha hizo. Hata hivyo, mwekezaji mpya hana budi kwanza kulielewa jedwali la bei za vipande.

Msingi wa jedwali hilo ni thamani halisi ya mfuko, yaani mali zote za mfuko baada ya kuondoa madeni na gharama. Thamani hiyo ikigawanywa kwa idadi ya vipande vyote, hupatikana thamani ya kipande kimoja.

Bei ya kuuza ni ile ambayo mfuko humuuzia mwekezaji, na bei ya kununua ni ile ambayo mfuko humlipa anaporudisha vipande vyake. Majina hayo yametolewa kwa upande wa mfuko, si wa mwekezaji. Katika baadhi ya mifuko bei ya kununua huwa chini kidogo kutokana na tozo ya kujitoa.

Kwa mfano, shilingi 1,000,000 hupata vipande 2,000 kwa bei ya shilingi 500. Iwapo tozo ni asilimia 1, bei ya kununua siku hiyo ni shilingi 495, na anayejitoa mara moja hulipwa shilingi 990,000. Thamani ya kipande ikifikia shilingi 560, atalipwa shilingi 1,108,800.

Aidha, kipande cha shilingi 150 si rahisi kuliko cha shilingi 1,000. Kinachopimwa ni asilimia ya ongezeko kwa muda uleule, pamoja na gawio kwa mifuko inayolitoa.

Bei za vipande huweza pia kushuka. Kwa sababu hiyo, fedha ya ada ya mwezi ujao isiwekwe bila kujua tozo na muda wa malipo. Vilevile, mwananchi ahakikishe kuwa mfuko umeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na ajihadhari na yeyote anayeahidi faida kubwa isiyo na hasara.