House ya Kwako: Sikio Kwanza, Mfuko Baadaye

Anayetaka kutengeneza muziki wa house nyumbani huulizwa kwanza ana shilingi ngapi. Mimi ningemuuliza anapenda house ya namna gani, maana jibu hilo ndilo linaloonyesha fedha ziende wapi. Mpenzi wa deep house na mpenzi wa acid house hawahitaji vifaa vilevile, ingawa muuza duka atafurahi kuwauzia wote wawili kila kitu.

Msingi wa muziki huu hauna gharama. Ngoma nzito inapiga kila pigo, makofi yanaangukia pigo la pili na la nne, matoazi yanajibu katikati, na mwendo mara nyingi ni mapigo 120 hadi 128 kwa dakika. Programu yoyote inaweza kazi hiyo. LMMS ni ya bure kabisa, na mwenye Mac au iPhone anapata GarageBand bila kulipa. Kaa nayo hata miezi. Utajua unachokikosa, na hicho ndicho utakachonunua.

Ukifika hapo, soma masharti kabla ya bei. Programu ya Reaper ni dola 60 kwa matumizi binafsi, tena unaijaribu siku 60, lakini inakuja karibu tupu: sauti za ngoma na vinanda utazitafuta mwenyewe. FL Studio, inayotoka Ubelgiji, ina toleo la Fruity la dola 99 ambalo halirekodi sauti ya mtu. Anayetaka kuimba anapaswa kupanda hadi Producer, ambalo liko chini ya dola 200. Hata hivyo, ukiilipia mara moja unapata matoleo yote yajayo bure, na kwangu hiyo ni hoja nzito. Vijana wa Durban, Afrika Kusini, walioanzisha gqom, aina ya house ya kwao, waliitegemea sana. Toleo lake la majaribio halina kikomo cha siku, ila kazi uliyoihifadhi haifunguki tena mpaka ununue. Hata kwa kikwazo hicho, sioni sababu ya kuhangaika na nakala za wizi zinazoleta virusi kwenye kompyuta.

Ableton Live huanzia kama dola 99 kwa toleo la Intro, lenye mikondo (tracks) 16, na kupanda hadi zaidi ya dola 700 kwa Suite. Ni hodari mno kwa anayepiga mbele ya watu. Kwa anayejitengenezea chumbani, Suite ni fedha nyingi mno za kuanzia.

Sasa turudi kwenye ladha. Deep house inaishi kwenye noti nne au tano zinazobonyezwa pamoja, na kuzichora kwa kipanya kunachosha. Kinanda kidogo cha vitufe 25, kama Akai MPK Mini, hugharimu takriban dola 100 na kinastahili. House ya kuimbwa inadai maikrofoni na kadi ya sauti, jumla yake kama dola 250. Acid inataka vifundo vya kuzungusha. Sauti yake ilitoka kwenye Roland TB-303, mashine iliyotengenezwa 1981 hadi 1984 ili imsindikize mpiga gita asiye na mpiga besi. Haikuuzika. Kundi la Phuture la Chicago liliichukua ikiwa mtumba, likazungusha vifundo vyake kwa namna ambayo waundaji hawakuikusudia, na mwaka 1987 likatoa "Acid Tracks". Leo mashine halisi inauzwa maelfu ya dola, lakini Behringer TD-3, inayoiga sauti ile, ilitoka ikiwa chini ya dola 200.

Kitu kimoja nasisitiza kwa kila ladha: hedifoni za studio, kama Sony MDR-7506 au Audio-Technica ATH-M40x, za kama dola 100. Hedifoni za kawaida nyingi huongeza besi ili zipendeze, basi wewe unaipunguza kwenye wimbo, na ukiupeleka kwenye spika kubwa unasikika mwembamba. Spika nzuri ndani ya chumba kitupu nazo hudanganya, hasa zikisogezwa kwenye kona, ambako besi huvimba. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu mwezi huu, nunua hedifoni, uendelee na programu ya bure.