Akiba si Masazo

Mara nyingi twawasikia wafanyakazi wakisema: "Mshahara wenyewe hautoshi, akiba nitaitoa wapi?" Hatuwalaumu. Kodi ya nyumba, nauli na deni la dukani humaliza fedha kabla mwenyewe hajazihesabu. Lakini usemi huo waichukulia akiba kuwa masazo, yaani kile kibakiacho baada ya mahitaji kwisha. Na mahitaji hayaishi kamwe.

Na tuutazame upatu. Watu kumi hutoa shilingi 20,000 kila mmoja kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao hupokea 200,000. Wale wale wasemao kuwa hawana cha kuweka hawakosi zamu hata moja, maana waona haya kuwavunjia wenzao ahadi. Basi nguvu ya kuweka wanayo. Walichokosa ni mtu wa kumwahidi.

Hata hivyo upatu una upungufu wake. Mtoto akiugua kabla zamu ya mzazi haijafika, mzazi hukimbilia mkopo wa "kausha damu". Kwa hiyo twawasihi ndugu zetu waipeleke ahadi ile ile katika chama cha akiba na mikopo, au katika vikundi vya kijamii vinavyotambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018. Humo fedha za wengi hukaa pamoja, na mwenye dharura hukopa kwa masharti aliyoshiriki kuyaweka.

Akiba yetu na itengwe siku ile ile ya mshahara, kabla ya matumizi. Kibaba hujazwa kwa haba na haba. Hakijazwi kwa masazo.