Je, Wajua? Kingamwili ya Kuku na Siri ya Figo Zako

Je, wajua kwamba karibu kila seli ya mwili wako hutengeneza protini ndogo iitwayo sistatini C, na ni figo zinazoiondoa kwenye damu? Figo zikilegea, inarundikana.

Je, wajua kwamba kreatinini, kipimo cha figo kilichozoeleka katika hospitali zetu, hutegemea misuli? Mgonjwa wa Pap Onditi, hapa Nyakach, aliyekondeshwa na uzee au maradhi marefu hutoa kreatinini kidogo, kwa hiyo majibu yake yanaweza kupendeza huku figo zinakufa. Mwaka 2022 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 2,500 kutoka Uganda, Malawi na Afrika Kusini. Kreatinini ilizionyesha figo kuwa na nguvu kuliko zilivyokuwa, na sistatini C ikakaribia ukweli zaidi. Huko Uganda ni jirani tu, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Matokeo hayo yanatuhusu.

Je, wajua kwamba mashine ya kawaida ya maabara haiwezi kuitambua sistatini C bila kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili? Chembechembe ndogo mno za plastiki hupakwa kingamwili na kuelea katika majimaji. Tone la maji ya damu yaliyotenganishwa na seli zake likiingia, kingamwili hizo huinasa sistatini C, chembechembe zikashikana, na majimaji yakawa na ukungu. Mashine hupitisha mwanga na kupima ukungu huo. Dakika chache tu, namba imetoka.

Je, wajua kwamba baadhi ya kingamwili hizo hutoka kwa kuku? Kuku hudungwa sistatini C ya binadamu, mwili wake ukaiona ni kitu kigeni na kutengeneza kingamwili, ambazo huziweka kwenye kiini cha yai kwa ajili ya kumlinda kifaranga. Wataalamu huzitoa kwenye yai, na kuku akaendelea kutaga. Makampuni mengine hutumia sungura.

Je, wajua kwamba dolutegraviri, dawa ya ARV iliyoanza kusambazwa Kenya mwaka 2017, hupandisha kreatinini kidogo bila kudhuru figo? Huzuia tu njia moja ambayo kreatinini hupitia kutoka mwilini. Lakini kidonge hicho hicho mara nyingi huwa na tenofovira, ambayo kwa baadhi ya watu huumiza figo kweli. Basi namba ikipanda, daktari atajuaje ni dawa ipi kati ya hizo mbili? Sistatini C haitumii njia inayozibwa, hivyo humsaidia kuamua. Kwa kaunti kama Kisumu, Homa Bay na Siaya, zenye viwango vya juu vya Ukimwi nchini, jambo hili lina uzito mkubwa.

Wenye selimundu nao kreatinini huwaficha ukweli. Figo zao huimwaga kupita kiasi, hata namba ikawa nzuri mno.

Je, wajua kwamba kingamwili hizo hutunzwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8? Zikiganda, chembechembe hushikana zenyewe na chupa nzima haifai tena. Friji nayo hutaka umeme. Kituo cha umeme cha Sondu Miriu, chenye megawati 60, kiko Nyakach hii hii. Hata hivyo, friji ya maabara yoyote huku inahitaji umeme wa akiba, na fedha za akiba hiyo ziwekwe kwenye bajeti mapema.

Sistatini C nayo ina udhaifu. Sigara, ugonjwa wa tezi ya shingo na dawa za steroidi huweza kuipandisha figo zikiwa salama, na bei yake ni kubwa kuliko ya kreatinini.

Kama una kisukari, presha, selimundu au unameza ARV, omba damu na mkojo wako vipimwe ili kuangalia figo. Na kama mwili umekonda sana, muulize daktari kama kipimo cha sistatini C kinapatikana Kisumu.