Ngozi za watu na wapelelezi wa kijiweni Tunduma

Tunduma huna haja ya kuuliza mpaka uko wapi. Foleni ya malori ya shaba itakufikisha, na wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha watakuthibitishia. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia. Wenyeji lakini wana mipaka mingine: vichochoro na njia za panya ambako bodaboda anavuka na abiria wake bila mtu kuulizwa pasipoti. Katika mji wa namna hiyo uvumi haupati shida ya kuaminika.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mbozi na Tunduma zikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya (Songwe ilifanywa mkoa mwaka 2016), ziliokotwa maiti zilizochunwa ngozi. Kufikia 2001 habari hizo zilikuwa zimeshafika kwenye vyombo vya habari vya kimataifa. Kijiweni hadithi ilikuwa imekamilika: ngozi inavushwa kwenda Zambia, Malawi au Kongo, inavuta wateja dukani, inaneemesha mazao shambani. Kilichopungua ni mnunuzi. Kila mtu alimjua mtu aliyeisikia bei. Aliyemwona mnunuzi kwa macho yake hakutokea.

Hapo ndipo wapelelezi wasio na kitambulisho walipojiajiri. Siwabezi hata kidogo. Mama lishe wa stendi anajua nani kalala gesti ipi. Bodaboda anamkumbuka abiria aliyeshuka saa nane za usiku penye giza. Balozi wa nyumba kumi anajua kijana gani hajarudi nyumbani na tangu lini. Askari aliyehamia jana kutoka Tanga hana hata robo ya elimu hiyo. Taabu ni kwamba wengi wao huanza na jina, kisha ndio watafute kosa la kulibandika. Fulani kajenga ghorofa ghafla, alianzaje? Bibi fulani anaishi peke yake, kwa nini hafi? Basi, kesi imekwisha.

Na jina likikosekana, kuna wanaolileta kwa malipo. Songwe wanawajua: lambalamba, waganga wanaosaka wachawi. Wanakijiji wanachangishana, lambalamba wanaitwa, wanaingia uani kwa mtu na kuchimbua pembe na vibuyu mbele ya umati. Umati unaona kitu kikitoka ardhini. Nani alikizika, na lini, haulizi. Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu 1928, inakataza kumtuhumu mtu uchawi kiholela namna hiyo. Viongozi wamewapiga marufuku lambalamba mara nyingi, na bado wanaitwa.

Serikali nayo imewahi kukaribia njia hiyo. Machi 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yalipotikisa nchi, wananchi walipewa kura ya siri waandike majina ya wanaowashuku. Nia ilikuwa njema. Lakini jirani mliyegombania mpaka wa shamba naye anajua kuandika.

Mfano ninaouheshimu ni wa Vicky Ntetema. Mwaka 2008, akiwa mwandishi wa BBC, aliwaendea waganga wa Kanda ya Ziwa akijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akasikia kwa masikio yake wakimwahidi dawa yenye viungo vya binadamu na kumtajia bei. Alianza na soko, wala hakuanza na mshukiwa. Habari ilipotoka alitishiwa maisha, ikabidi ajifiche. Kazi hiyo haina ushujaa wa kijiweni.

Mfano mwingine uko Marekani: mwandishi Michelle McNamara alitumia miaka akipekua nyaraka za kesi ya muuaji wa California wa miaka ya 1970 na 1980. Alifariki 2016; mtu aliyesakwa, Joseph DeAngelo, polisi wa zamani, alikamatwa 2018. Kilichomnasa ni vinasaba, kwa sababu kuna aliyetunza sampuli kwa miongo kadhaa.

Kwetu sampuli kama hiyo hufa asubuhi ileile. Maiti ikionekana kwenye mahindi, kengele ya kijiji inagongwa, watu mia wanakuja. Mmoja anafunika kwa kanga, mwingine anaokota kiatu akionyeshe, vijana wanapiga picha, na nyayo za muuaji zinapotelea chini ya ndala za waombolezaji. Polisi wakifika, Mkemia Mkuu wa Serikali atapima nini?

Kwa hiyo, msomaji wa Vwawa, Mlowo au Mpemba, ukilikuta la namna hii, simamia watu wakae mbali na usiruhusu chochote kiguswe. Andika saa, nani alifika kwanza, pikipiki gani ilipita. Mpigie mtendaji na polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inakutaka utoe taarifa. Na jina ulilonalo moyoni mnong'oneze mpelelezi, usilitangaze kijiweni.