Muuguzi Hodari wa Watoto Mahututi Hutambuliwa kwa Lipi?

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka ifikapo Mei 1, taasisi za umma nchini huwatangaza wafanyakazi wao hodari. Siku 11 baadaye, Mei 12, huadhimishwa Siku ya Wauguzi Duniani, tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Hata hivyo, yupo mtumishi ambaye ni rahisi kusahauliwa katika maadhimisho hayo: muuguzi wa watoto katika chumba cha uangalizi maalumu. Ugumu wa kumtambua umo katika kazi yenyewe, kwani matunda yake bora ni madhara ambayo hayakutokea.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, ilhali mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Mtoto wa kilo 5 ana takribani mililita 400 tu za damu mwilini, hivyo kiasi ambacho mtu mzima angekipoteza bila kutetereka chaweza kuhatarisha uhai wake. Dawa zake hukokotolewa kwa kila kilo ya uzito, na nukta ya desimali ikikosewa nafasi moja, dozi huongezeka mara 10. Ndiyo maana muuguzi makini humwita mwenzake wahakiki hesabu pamoja kabla ya kuchoma sindano.

Aidha, mwili wa mtoto huficha hatari. Shinikizo lake la damu huweza kubaki la kawaida kwa muda huku moyo ukienda mbio, kisha likaporomoka ghafla. Anayesubiri shinikizo lishuke ndipo amwite daktari huwa amechelewa. Muuguzi hodari huziona dalili mapema: tundu za pua zinazopanuka, mbavu zinazobonyea kila pumzi, nyayo zilizoanza kupoa, au mtoto aliyekuwa akilia na sasa amenyamaza. Katika wodi nyingine ukimya huo ungefurahisha. Hapa humfanya muuguzi asogee kitandani.

Kazi hiyo haiishii kwenye mashine. Kandoni mwa kitanda yupo mzazi anayetishwa na kila mlio wa kengele. Muuguzi humweleza mlio huo una maana gani, humwonesha mahali anapoweza kumshika mwanawe bila kugusa mipira, na humwita daktari pale maswali yanapohitaji majibu ya daktari. Inapotokea matibabu yameshindikana, yeye ndiye humpa mama nafasi ya kumpakata mtoto wake kwa mara ya mwisho. Hilo halionekani katika takwimu za hospitali, lakini familia haitalisahau.

Kwa sababu hizo, kura ya umaarufu haitoshi kumpata muuguzi hodari. Wa zamu ya usiku huonwa na wachache. Kinachofaa ni ushuhuda wa tukio: muuguzi aliona nini, alichukua hatua gani, na mgonjwa alinufaikaje. Tuzo ya DAISY, inayotolewa kwa wauguzi katika nchi mbalimbali, ilianzia katika ushuhuda wa namna hiyo. Familia ya Patrick Barnes, Mmarekani aliyefariki mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 33, iliianzisha kuwashukuru wauguzi waliomhudumia. Washindi wake hukabidhiwa kinyago cha jiwe kilichochongwa kwa mkono na wasanii wa Kishona wa Zimbabwe.

Mwananchi hahitaji kuanzisha tuzo. Anaweza kuandika barua fupi ya pongezi kwa uongozi wa hospitali, au kutumia sanduku la maoni, akitaja wodi, tarehe na jambo alilotendewa. Sanduku hilo halikuwekwa kwa malalamiko pekee. Maelezo hayo huupa uongozi ushahidi unapochagua mfanyakazi hodari, na huwafundisha wauguzi wapya kile kinachothaminiwa.

Chanda chema huvikwa pete. Hata hivyo, pete haipunguzi mzigo: muuguzi aliyepangiwa watoto mahututi wengi kupita kiasi hawezi kuona nyayo zinazopoa katika kila kitanda, hata awe hodari namna gani. Kumtambua kwa dhati ni pamoja na kumpa cheti mbele ya wenzake, na kuhakikisha anaporejea zamu anao wenzake wa kutosha.